Mabati ya Mama Sadaka

Kazi yangu ni kupiga pasi nguo za watu. Asubuhi nawasha mkaa, nangoja ushike, nautia kwenye pasi. Naanza na mashati ya wenye ofisi, mashuka baadaye. Jicho moja liko kwenye nguo. La pili liko kwa binti yangu.

Binti yangu tunamwita Kibibi, kwa sababu hukunja uso kama bibi yake anapoletewa chai isiyo na sukari. Alipozaliwa alichelewa kulia. Daktari alisema ubongo wake ulikosa hewa, ndiyo maana miguu imekakamaa na kupishana kama mkasi. Akili yake haina kasoro. Mdomo wake ndio kabisa.

"Mama, shati hilo umeliunguza."

"Sijaliunguza."

"Linanuka."

"Wewe simama hapo hapo, mkaguzi."

Na kweli alikuwa amesimama. Baba yake ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alimtengenezea fremu ya kusimamia, yenye mikanda ya mpira kifuani na magotini. Vipimo alipewa kwenye kituo chetu. Habari ya kituo hicho ndiyo inayonifanya niandike, ili mzazi mwenzangu usitumbukie katika shimo ambalo sisi tulinusurika kwa kushika ukingo kwa vidole tu.

Kituo kilikuwa ukumbi wa kukodi nyuma ya gereji ya matairi. Ndani kulikuwa na mikeka, mipira mikubwa na ngazi fupi ya mbao ya kujifunzia kupanda. Tulikianzisha sisi wazazi wenye watoto kama Kibibi, tukakisajili kuwa shirika lisilo la faida. Kila mzazi alichangia alichoweza. Mwenye duka la magodoro alitupa sponji za viti, na fedha za kuongezea kodi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye watoto walimwita Mjomba Nyoosha, aliwanyoosha misuli mmoja mmoja huku akiwaimbia vibaya.

Aliyeendesha mambo yote alikuwa mama mmoja mjane. Ndiye aliyefungua mlango na ndiye aliyeufunga. Aliandika barua za kuomba misaada. Alifuatilia vyuma vya miguu hospitalini mpaka walinzi wakamzoea. Tukamwita Mama Sadaka. Tulisema, "Yule anafanya kwa ajili ya Mungu tu. Hapokei hata senti."

Nani alituambia hapokei? Hakuna. Tulijiambia wenyewe, tukaamini.

Mwenyekiti wa bodi, yaani wale wachache tuliowachagua kusimamia shirika, alikuwa kinyozi wa mtaa wetu. Siku ya kuchagua, mzee mmoja alisimama akasema, "Kinyozi huyu tumemwambia mambo yetu miaka yote. Hakuna neno lililowahi kutoka nje ya mlango wake. Fedha zinataka mtu mwenye kifua." Sote tulipiga makofi. Tukampa mtunza siri fedha za watu wengi. Kosa letu lilianzia pale pale, na sisi tunalishangilia.

*

Jumamosi moja wifi yangu aliingia bila kubisha hodi. Wifi yangu akiwa na habari, hodi humchelewesha.

"Wifi, wewe uko hapa unafuka moshi, wenzako wanaezeka!"

"Nani anaezeka?"

"Mama Sadaka wenu! Lori zima la mabati ya buluu. Yanang'aa mpaka kunguru wanaogopa kutua. Sasa niambie, mtu asiyepokea senti anaezeka kwa nini? Kwa machozi?"

"Labda watoto wake wamemsaidia."

"Watoto gani? Yule mkubwa bado anamwomba mama yake nauli! Fumbua macho, wifi. Yule ameezeka kwa miguu ya watoto wenu."

Neno hilo lilinichoma kuliko pasi. Na halikukaa kwangu. Lilipita sokoni, likapita bombani, likafika dukani kwa magodoro. Mwenye duka akasema, "Nilitoa sponji. Sikutoa paa." Akakata msaada. Wazazi nao wakaacha kuchangia, mmoja baada ya mwingine. Mume wangu alikuwa miongoni mwao.

"Sitoi tena," alisema. "Niungue macho na cheche, mtu aezeke?"

"Na Kibibi?"

Aliokota nyundo, akaiweka tena.

Mwenye ukumbi alisikia kwamba kodi haitalipwa. Akatupa mpaka mwisho wa mwezi, la sivyo afunge kufuli lake.

Mjomba Nyoosha aliniita pembeni. Siku hiyo hakuimba.

"Mama Kibibi, hospitali imekubali kumpa mtoto vyuma vya miguu. Watampima mwezi ujao. Lakini miguu ikirudi kupinda, vyuma havitaingia. Itabaki kisu cha daktari."

"Tukipumzika mwezi mmoja tu?"

"Wewe unapiga pasi. Nguo mbichi ukiiacha imekunjwa, inakaukia wapi?"

"Kwenye mkunjo."

"Basi na misuli ya mtoto ni vivyo hivyo."

Nilimbeba Kibibi mgongoni kurudi nyumbani. Miguu yake ilinigonga kiunoni njia nzima, migumu kama kuni. Nikajiambia, kama kuna mwizi nimjue. Kama hakuna, nijue pia. Ila kukaa kimya siwezi.

*

Nilimkuta Mama Sadaka anafagia ukumbi.

"Mama, nina swali, naomba usinichukie. Unalipwa?"

Ufagio ulisimama.

"Muulize mwenyekiti."

"Nakuuliza wewe, mama."

"Mwanangu," alisema, na macho yakamjaa, "mimi nimekatazwa kusema."

Nikaenda moja kwa moja kwa kinyozi. Alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu ina povu.

"Mwenyekiti, Mama Sadaka analipwa au halipwi?"

"Shikamoo kwanza hakuna?"

"Shikamoo. Analipwa au halipwi?"

"Mama Kibibi, kiti hiki kimesikia ndoa zikivunjika na kuungwa. Hakijawahi kusema. Mimi nikitoa siri za watu, duka hili litafungwa."

"Usipotoa, kituo kitafungwa. Na sikuulizi ndoa ya mtu. Nakuuliza fedha zangu."

Mteja akageuza kichwa chenye povu. "Hata mimi nataka kujua. Mjukuu wangu yuko pale."

"Wewe tulia," kinyozi alimwambia. "Nina wembe mkononi."

Niliondoka na hasira, lakini kitu kimoja nilikiona. Wembe wake ulikuwa unanyoa upande uliokwisha kunyolewa. Mtu aliyekula fedha za watu hupotewa na kazi yake, na mtu aliyebeba mzigo mzito hupotewa pia. Nitawatofautishaje?

*

Miongoni mwa wateja wangu yuko mama mmoja anayefanya kazi ofisi ya usajili wa mashirika. Ijumaa nilimpelekea nguo zake. Alipoona uso wangu akasema, "Leo blauzi zimenyooka, wewe umekunjamana. Kaa. Kuna nini?"

Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nikuulize," alisema. "Neno 'lisilo la faida' ninyi mnalielewaje?"

"Kwamba hakuna mtu anayepata kitu."

"Hapo ndipo wengi wanapokosea. Maana yake ni kwamba hakuna mwenye mali wa kugawana kinachobaki. Kikibaki kitu, kinarudi kwenye kazi. Lakini mfanyakazi anaweza kulipwa. Huyo Mjomba wenu wa mazoezi analipwa?"

"Analipwa."

"Mnamwita mwizi?"

"Hapana. Anafanya kazi."

"Na huyo mama anafanya nini? Analala?"

Nilishusha pumzi. "Kwa hiyo ni halali!"

"Taratibu. Sijasema hivyo, maana sijaziona hesabu zenu. Mshahara wa kiongozi unakuwa sawa kwa namna unavyopangwa. Uliza nani aliupanga. Yeye mwenyewe alikuwepo wakipanga? Waliopanga ni ndugu zake? Waliulinganisha na wa watu wanaofanya kazi kama hiyo kwingine? Waliuandika? Halafu uliza kama mtu wa nje amekagua hesabu, na kama wanachama walisomewa. Kila mwaka shirika linatakiwa lieleze fedha zimetoka wapi na zimekwenda wapi. Ofisini kwetu, na kwa watu wake."

"Mwenyekiti anasema ni siri."

"Ugonjwa wa mtoto wako ni siri. Aliyekuja kulia ofisini, kilio chake ni siri. Mshahara wa kiongozi, unaotoka kwenye michango ya watu, si siri. Mwenyekiti wenu ametia vyote kapu moja."

"Na mimi niliyeishia shule ya msingi, nina haki gani ya kumuuliza?"

"Katiba ya shirika lenu inasema nini juu ya mkutano?"

"Wanachama wakiwa wengi wanaweza kuuitisha."

"Haikusema wanachama waliosoma wapi, au siyo?" Alicheka, akanipa fedha zangu za pasi. "Nenda kaulize. Usiende kutukana. Ukianza na tusi watakujibu tusi, na hesabu hutazipata."

Mume wangu alipofika jioni nilimsimulia maneno yale moja baada ya jingine. Alikuna kidevu.

"Kwa hiyo kulipwa si wizi?"

"Kulipwa si wizi. Kufichwa ndiko kunakotuua."

Kesho yake tuligawana mitaa kuwaita wazazi, yeye upande wa gereji, mimi upande wa soko.

*

Ukumbi ulijaa. Mwenye duka la magodoro alikuja, akasimama karibu na mlango kama mtu asiyetaka kukaa. Wifi yangu hana mtoto pale, lakini alikuja, tena mapema, akaketi mbele.

Mimi sijawahi kusema mbele ya watu. Nilisimama.

"Ndugu zangu... tumekuja... tulikuwa tunaomba..."

"Mama, sema kwa sauti!" Kibibi alipaza sauti kutoka kwenye fremu yake. "Huku nyuma hatusikii!"

Watu wakacheka, na kicheko kile kikanipa nguvu.

"Sikuja kumtuhumu mtu," nikasema. "Nauliza. Mama yetu analipwa? Kiasi gani? Nani alipanga? Hesabu ziko wapi?"

Kinyozi alisimama. Alijifuta jasho kwa kitambaa chake cha kazi cha begani.

Mama Sadaka ndiye aliyesema kwanza. "Mwenyekiti, nakuomba sema. Nimechoka kubeba."

"Analipwa," kinyozi akasema. "Kila mwezi. Tangu mwaka wa pili wa shirika."

Ukumbi ulivuma kama mzinga uliopigwa teke.

"Si nilisema!" Wifi yangu aliruka juu. "Si nilisema mimi!"

"Kiasi gani?" mume wangu akauliza.

Kinyozi akataja kiasi, kwa sauti. Mvumo ule ukatulia ghafla. Kilikuwa pungufu ya mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi. Kilikuwa pungufu hata ya malipo ya Mjomba Nyoosha, ambaye aliinamisha kichwa akaanza kuvuta uzi kwenye mkeka.

"Sasa mlificha nini?" mzee mmoja akauliza. "Fedha zenyewe ndizo hizo?"

"Tuliogopa," kinyozi alisema. "Mlikuwa mnamsifu kila siku kwamba hapokei senti. Tukasema wakijua analipwa wataacha kutoa."

Mwenye duka la magodoro akaongea pale pale mlangoni. "Mimi niliacha kutoa kwa sababu sikujua."

Wifi yangu hakukubali kushindwa upesi. "Na hilo jina la Sadaka je? Mbona ulikuwa unaliitikia?"

Yule mama alisimama, akajifunga kanga vizuri. "Jina hilo mlinipa ninyi. Mimi nilizaliwa na langu. Kila mliponiita hivyo nilitamani ardhi inimeze. Nina watoto. Nina jiko, na jiko langu linataka mkaa kama majiko yenu. Mabati yale nimenunua kwa mshahara wangu, bati moja moja, mwenye duka la mabati akiniwekea mpaka yatimie. Paa la zamani lilikuwa linavuja juu ya kitanda. Nimekosa nini? Nimekosa kuwaambia. Hilo nakiri."

Hata wifi yangu alikaa chini.

Lakini mimi nilikuwa na maswali ya mteja wangu kichwani, na sikutaka machozi yayafute. "Nani aliupanga mshahara huo?"

"Mimi na mweka hazina," kinyozi alijibu.

"Mweka hazina ni nani wa Mama Sadaka?"

"Ni binamu yake."

"Eee!" ukumbi ukaitika.

"Mliandika? Mtu wa nje amekagua?"

Hawakuandika, wala hapakuwahi kuwa na mkaguzi. Hapo tukaona vizuri. Fedha hazikuwa zimeibiwa kwa kadiri tulivyojua siku ile, lakini zikiibiwa kesho nani angejua? Mlango haukuwa na kitasa. Tulikuwa tumebahatika tu kwamba aliyekaa ndani alikuwa mwaminifu.

Binamu alijiuzulu mwenyewe, bila ugomvi. Tukachagua mweka hazina asiye na undugu na mtu wa ofisini. Kisha tukamwomba Mama Sadaka atoke nje tuzungumze mshahara wake upya. Alikwenda kuketi juu ya tairi bovu pale gereji, mikono mapajani.

Mmoja wetu alitaka upunguzwe. Mjomba Nyoosha akainua kichwa, akaeleza vituo vingine alivyofanya kazi vinawalipa wasimamizi wao nini. Tukalinganisha. Tukabishana. Tukaandika. Tulipomwita ndani, kinyozi alimsomea kiasi mbele ya watu wote. Kilikuwa kimezidi cha zamani. Kingeanza kulipwa mkaguzi akimaliza kazi yake, kama hesabu ni safi.

Yule mama alitutazama, akacheka na kulia kwa pamoja. "Kumbe kuwaambia kulikuwa rahisi hivi?"

*

Mkaguzi alikuja, mgeni asiyemjua mtu. Alikuta fedha zote zinaonekana zilikokwenda, isipokuwa nauli za kwenda hospitalini ambazo hazikuwa na risiti. Bodi ikasema, hata hilo wananchi walijue.

Mabati ya buluu yalikuwa yamebaki vipande. Mama Sadaka alimpa mume wangu kipande kimoja kikubwa. Mume wangu akakiponda kwa nyundo mpaka migongo yote ikalala. Akakichomelea fremu ya chuma na kukisimamisha getini, kikitazama barabara. Juu yake tuliandika kwa rangi nyeupe: tulichopokea, na nani alitoa, kodi ya ukumbi, mazoezi, vyuma, mshahara wa msimamizi, nauli zisizo na risiti, na ahadi kwamba haitatokea tena. Majina ya watoto na magonjwa yao hatukuandika. Hayo si ya barabarani.

Kinyozi ndiye aliyewasomea wasiojua kusoma. Alisoma kwa sauti kubwa mpaka gereji wakazima mashine.

"Mwenyekiti," nilimtania, "sasa hunyamazi tena?"

"Siri zenu bado ziko kwenye kiti," alinijibu. "Za shirika ziko getini. Na leo mgongo wangu umepona."

Mwenye duka la magodoro alisimama mbele ya ubao ule kwa muda mrefu. Alifuata mistari kwa kidole, akafika kwenye jina lake na kiasi alichowahi kutoa. Siku ile ile alilipa kodi ya ukumbi ya mwaka mzima, na mkokoteni wake ukaleta sponji mpya. Wazazi walirudi. Wageni tusiowajua wakaanza kuchangia, kwa sababu walipita tu wakasoma. Mwenye ukumbi alirudi nyumbani na kufuli lake mkononi.

Mzazi mwenzangu, usingoje mabati. Shirika likiwa dogo, likiwa jema, likiendeshwa na mtu unayempenda, uliza. Uliza hasa kama unampenda, maana hesabu ikifichwa atakayeliwa na maneno ni yeye, na atakayebaki bila mazoezi ni mwanao. Hujui pa kuanzia? Nenda ofisi ya usajili ya kwenu, uliza kwa adabu. Hawaumi.

Kibibi alipimwa mwezi uliofuata. Miguu ilikuwa imenyooka vya kutosha, na vyuma viliingia bila kisu. Siku alipovileta kituoni alikataa kubebwa. Baba yake alichomelea bomba la kushikia, kutoka mlango wa ukumbi hadi getini. Kibibi akashika bomba, akakunja uso wake wa kibibi, akaanza. Mjomba Nyoosha alitembea nyuma yake akiwa amefungua mikono, hajamgusa. Gereji walisimama na matairi yao. Wifi yangu, ambaye siku hizi kila mwisho wa mwezi anasoma ubao kabla hata ya kusalimia watu, aliziba mdomo kwa mikono miwili.

Mtoto alifika mwisho wa bomba. Ubao ulikuwa hatua chache mbele. Akaachia bomba.

Alifika. Akaupiga ubao kiganja, bati likalia barabara nzima.

"Mwenyekiti!" akaita. "Na hili liandike hapa!"